Malezi bila hati humwacha mtoto njia panda

NI nadra kupita mtaa wowote wa Likoni, Kisauni au Changamwe bila kukuta nyumba inayolea mtoto ambaye hakuzaliwa na wenye nyumba hiyo. Bibi wa Mtongwe ana wajukuu watatu ambao mama yao alifariki. Shangazi wa Mishomoroni amemchukua mwana wa kakake ili asome karibu. Mpangaji wa Chaani amebaki na mtoto wa jirani aliyeaga akisema anasafiri kwa wiki moja, na sasa umeingia mwaka wa tatu.

Watu wa aina hii hawajiiti wafadhili, wala hawatafuti sifa. Kwao, methali isemayo kuzaa si kazi, kazi ni kulea, ni maelezo ya mambo yalivyo nyumbani. Mtoto hupewa chakula, hupelekwa madrasa au shule ya Jumapili, hununuliwa sare, na maisha huendelea.

Hata hivyo, zipo siku ambazo mapenzi ya mlezi hayamfai mtoto. Siku mwalimu anapoandikisha watahiniwa wa mtihani wa kitaifa, huuliza nambari ya cheti cha kuzaliwa. Siku kijana anapofikisha umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, huulizwa cha baba au cha mama. Na siku mlezi anapoaga dunia, jamaa wa marehemu huketi barazani kugawana vilivyobaki, na mtu mmoja huuliza kwa sauti ya chini: “Huyu naye ni nani?”

Hilo ndilo swali ambalo kila familia ya Mombasa inayojiandaa kuchukua mtoto inapaswa kulijibu mapema, tena kwa maandishi, wakati wote wanaohusika wakiwa hai na wakipendana.

Mazoea ya kale, mazingira mapya

Utamaduni wa Pwani haujawahi kumwachia mzazi peke yake jukumu la mtoto. Kwa Waswahili na Wamijikenda, mama mdogo ni mama na baba mkubwa ni baba. Jamii kutoka bara zilizohamia Changamwe na Mikindani kufuata kazi za bandari, reli na viwanda zilikuja na desturi zinazofanana na hizo. Ndiyo maana watoto wengi wasioishi na wazazi wao nchini Kenya wanalelewa na jamaa zao, wala hawamo katika makao ya watoto.

Nguvu ya desturi hii imepimwa mara nyingi. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ilipozama katika kivuko cha Mtongwe na kuua watu 272, wengi wakiwa njiani kuelekea kisiwani asubuhi, zilikuwapo nyumba za Likoni zilizopoteza mlezi kwa saa moja. Miaka hiyo hiyo, na ile iliyofuata, Ukimwi uliacha mayatima katika kila lokesheni. Waliobeba mzigo huo kwanza walikuwa mabibi, mashangazi na majirani, kabla ya serikali wala mashirika kufika.

Lakini desturi ilitegemea mambo mawili ambayo leo yamelegea. La kwanza ni kujuana. Katika kijiji, kila mtu alijua mtoto huyu ni wa nani, na ushahidi wa wazee ulitosha. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita vya kukodisha pale Magongo au Bombolulu, wapangaji hubadilika kila baada ya miezi michache. Mtu anayejua mama wa mtoto alikotoka anaweza kuhama kabla mtoto hajaanza kutembea.

La pili ni kwamba zamani mtoto hakuhitaji karatasi nyingi ili awe mtu kamili. Siku hizi shule, hospitali, mitihani, kitambulisho na pasipoti vyote vinataka hati. Desturi inampa mtoto mahali pa kulala, lakini haimpi hati hizo.

Sheria ilivyobadilika

Kwa zaidi ya miongo miwili, uwanja huu ulitawaliwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2001. Mnamo Julai 2022 sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Watoto ya 2022, ambayo imejengwa juu ya Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010. Kifungu hicho kinasema wazi kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yanayotangulia.

Mwaka huo huo serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa miaka kumi, kuanzia 2022 hadi 2032, unaolenga kuwaondoa watoto hatua kwa hatua katika makao na kuwarudisha katika familia. Makadirio yaliyotumika katika mjadala huo yanaonyesha kwamba zaidi ya watoto 40,000 walikuwa wakiishi katika makao ya watoto nchini. Wengi wao si mayatima kamili. Wana mzazi mmoja au jamaa walio hai, ila umaskini, ugonjwa au kuvunjika kwa ndoa ndiko kulikowafikisha huko.

Upande wa pili, mlango wa nje umebanwa. Mnamo Novemba 2014 serikali ilisimamisha uasili wa watoto wa Kenya na raia wa kigeni kwa hofu ya biashara ya watoto, na mnamo Septemba 2019 Baraza la Mawaziri likatangaza marufuku. Hatua hizo zilipokewa kwa hisia tofauti, lakini matokeo yake hayana utata: mtoto wa Kenya asiye na wazazi hana budi kupata familia hapa hapa Kenya.

Kwa maneno mengine, serikali imeamua kwamba kimbilio la mtoto ni nyumba za watu wa kawaida, kama zile za Likoni, Kisauni na Changamwe. Suala lililobaki ni iwapo nyumba hizo zimeandaliwa kwa kazi hiyo.

Milango mitatu

Kosa la kwanza la familia nyingi ni kudhani kwamba kuchukua mtoto ni jambo moja. Sheria ya 2022 inatambua njia kadhaa, na kila moja ina matokeo yake. Kwa mkazi wa Mombasa, tatu ndizo zenye uzito zaidi.

Njia ya kwanza ni kuasili. Huu ni mkataba wa kudumu, na amri yake hutolewa na Mahakama Kuu. Mtoto akishaasiliwa, sheria humhesabu kana kwamba alizaliwa na wazazi hao ndani ya ndoa. Huandikwa katika Daftari la Watoto Walioasiliwa, hupata cheti, huweza kutumia jina la familia, na hurithi sawa na watoto wengine. Uhusiano wake wa kisheria na wazazi waliomzaa hukatika.

Kwa kuwa uamuzi huu hauna kurudi nyuma, masharti yake ni mazito. Kwa kawaida mwombaji, au angalau mmoja wa wanandoa wanaoomba pamoja, awe ametimiza miaka 25, awe amemzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na asiwe amefikisha miaka 65. Jamaa wa mtoto hulegezewa sharti hilo la umri. Mtoto mwenyewe awe na umri wa wiki sita au zaidi, na awe ametangazwa rasmi kuwa huru kuasiliwa. Kabla ya kesi kusikizwa, mtoto hukaa na familia hiyo kwa miezi mitatu mfululizo, huku shirika lililosajiliwa kusimamia uasili likifuatilia.

Mahakama haitosheki na maneno ya mwombaji. Hutaka ripoti ya shirika hilo, ripoti ya Mkurugenzi wa Huduma za Watoto, na ripoti ya mtu anayeteuliwa kulinda maslahi ya mtoto wakati wa kesi. Mwombaji huombwa cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, ripoti ya daktari, uthibitisho wa mapato na watu wa kumdhamini. Maafisa huja nyumbani, wakaona anapolala, wakazungumza na mke, mume na watoto waliomo.

Njia ya pili ni malezi ya muda. Hapa mtoto huwekwa na afisi ya watoto katika familia isiyo ya jamaa zake kwa kipindi maalumu, huku mipango ya baadaye ikitafutwa. Huenda mama yake yuko hospitalini au gerezani, au jamaa zake wanatafutwa Kwale, Kilifi au Kitui. Mlezi wa muda hamiliki mtoto wala habadilishi jina lake. Afisa wa watoto hufuatilia, na mtoto akipatiwa njia ya kurudi kwao, hurudi.

Hii ndiyo njia isiyoeleweka zaidi, na huenda ndiyo inayodai moyo mkubwa zaidi. Familia nyingi huogopa kumpenda mtoto atakayeondoka. Lakini kwa mtoto mwenye umri wa mwaka mmoja, miezi minane katika nyumba yenye mama anayeitika usiku ni tofauti kubwa na miezi minane katika ukumbi wa vitanda ishirini.

Njia ya tatu ni kafala, na hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na Nyeri au Kisii.

Kafala na dhamiri ya Mwislamu

Kwa miaka mingi, familia za Kiislamu za Pwani zilijikuta katika hali ngumu. Zilitaka kulea, tena mafundisho ya dini yanamhimiza Mwislamu amtunze yatima na kumwahidi malipo makubwa. Mtume Muhammad mwenyewe alikulia yatima, mikononi mwa babu kisha ami. Lakini uasili kama ulivyoandikwa katika sheria za nchi uligongana na mafundisho hayo hayo katika mambo matatu.

Jambo la kwanza ni nasaba. Uislamu unakataza mtoto kuitwa kwa jina la asiyekuwa baba yake. Kisa cha Zaid bin Haritha, aliyelelewa na Mtume na kuitwa mwanawe kabla ya kurudishiwa jina la babake mzazi, hufundishwa katika madrasa zote za Pwani. Jambo la pili ni mirathi: mtoto wa kulea si mrithi katika mafungu yaliyowekwa. La tatu ni umaharimu, kwa kuwa msichana anayelelewa akibaleghe, baba mlezi huhesabiwa kuwa mwanamume wa kando, na mvulana vivyo hivyo kwa mama mlezi.

Matokeo yake yalikuwa kwamba Mwislamu aliyefuata dhamiri yake aliacha mambo yaende kimyakimya, bila afisi wala mahakama. Aliyekwenda mahakamani alipata hati, lakini akabaki na swali moyoni.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unaitaja kafala katika Kifungu cha 20 kuwa mojawapo ya njia halali za kumlea mtoto aliyekosa familia. Mwongozo wa Kenya wa malezi mbadala uliotolewa mwaka 2014 nao uliitaja. Hatimaye Sheria ya Watoto ya 2022 ikaiingiza ndani ya sheria yenyewe. Kwa kafala, familia ya Kiislamu hujitwika wajibu wa kumlisha, kumsomesha na kumlinda mtoto, naye hubaki na jina na nasaba yake.

Hapa lipo jambo la kuzingatiwa na kila anayejiandaa. Kafala haimfanyi mtoto kuwa mgeni nyumbani, ila inadai mipango ambayo uasili hauidai. Kuhusu mali, Mwislamu anaweza kumwachia mtoto wa kulea hadi thuluthi moja ya mali yake kwa wasia, kwa sababu si mrithi, na anaweza kumpa hiba wakati wa uhai wake. Mlezi anayefariki bila kuandika wasia humwacha mtoto huyo mikono mitupu, hata kama alimpenda kuliko wote.

Kuhusu umaharimu, masheikh wa Pwani huwakumbusha watu suluhisho la kale la kunyonya. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa eneo hili, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonyeshwa mara tano kamili huwa mwana wa kunyonya. Mama mlezi asiye na maziwa anaweza kuomba msaada wa jamaa. Dada yake akimnyonyesha mtoto mvulana, mama mlezi huwa khaloo yake wa kunyonya. Dada wa mume akimnyonyesha msichana, baba mlezi huwa mjomba wake. Kizuizi cha ndoa huingia, na ugumu wa kuishi nyumba moja huondoka. Lakini uamuzi huu hauwezi kungoja mtoto afike miaka minne, na haufai kufanywa kabla ya mama anayenyonyesha na mtoto kupimwa afya zao hospitalini.

Bibi na mjukuu wake

Mjadala wa kuasili na kafala husahaulisha kundi lililo kubwa kuliko yote, yaani jamaa wanaolea damu yao. Bibi wa Likoni haoni sababu ya kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kumlea mjukuu wake, na pengine hakosei. Lakini naye anahitaji maandishi.

Sheria inamruhusu mzazi aliye hai kumteua mlezi wa kisheria wa mtoto wake kwa wasia au kwa hati maalumu. Mzazi akiwa ameshafariki, mahakama inaweza kumteua. Mama mgonjwa anayemwandika dadake kuwa mlezi, mbele ya mashahidi, huwaokoa watoto wake na vita vya baadaye baina ya upande wa baba na upande wa mama.

Kwa wasio Waislamu, Sheria ya Urithi inampa mtoto aliyechukuliwa katika familia nafasi fulani hata bila kuasiliwa. Mtoto ambaye marehemu alimchukua kama wake, na aliyekuwa akimtunza hadi kufariki kwake, anaweza kuiomba mahakama impe fungu kama mtegemezi. Neno muhimu hapo ni kuomba. Mtoto wa miaka tisa hawezi kwenda mahakamani kuthibitisha nani alimnunulia viatu. Atahitaji mtu mzima wa kumsemea, na barua, stakabadhi za karo na kadi ya kliniki vya kumtolea ushahidi.

Aidha, upo mpango wa serikali wa kuzipa fedha familia maskini zinazolea mayatima, ulioanza kwa majaribio mwaka 2004, Kwale ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Familia zilizosajiliwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakitoshi karo wala kodi ya nyumba, lakini bibi asiyejulikana na afisi yoyote hawezi hata kuingizwa kwenye orodha.

Matayarisho ya ndani ya nyumba

Maafisa na mahakimu wanaweza kukagua vyeti na vyumba. Hawawezi kukagua nia kikamilifu, na hapo ndipo matayarisho makubwa yalipo.

Wanandoa wengi hufikia uamuzi wa kuchukua mtoto baada ya miaka ya kungoja mimba. Shinikizo la mawifi na mama mkwe si siri katika mitaa hii. Lakini mtoto asiletwe kufuta machozi ya ndoa au kunyamazisha majirani. Akiletwa kwa kazi hiyo, atahukumiwa kila atakapokosea, na siku mama akijaliwa mimba yake mwenyewe, nafasi ya wa kwanza hutikisika.

Mume na mke wakubaliane kikweli, si mmoja kumburuta mwenzake. Watoto waliomo nyumbani waambiwe mapema na waachwe waulize. Wazee wa ukoo nao washirikishwe, kwa kuwa ndio watakaoketi barazani siku ya msiba. Babu aliyempokea mtoto kwa dua mbele ya watu hatakuwa mwepesi wa kumkana.

Mtoto mwenyewe huja na historia. Aliyehama mikono mara tatu kabla ya kufika miaka mitano anaweza kuficha chakula chini ya mto, kukojoa kitandani, au kutoonyesha huzuni yoyote anapoachwa na mtu asiyemjua. Huo si utundu wala mapepo. Ni mtoto aliyejifunza kwamba watu huondoka. Familia inayojua hivyo kabla itakuwa na subira. Isiyojua itamchapa, kisha itamrudisha.

Jambo linalozusha hofu zaidi ni ukweli wa asili. Walezi wengi huapa kwamba mtoto hatajua kamwe. Katika mitaa ambako kuta za nyumba zimeshikana, siri hiyo haidumu. Mtoto huisikia kisimani, kwenye foleni ya feri au kwa mtoto mwenzake mwenye hasira, tena kwa neno chafu: wa kuokotwa. Mtoto anayeambiwa ukweli tangu akiwa mdogo, kwa lugha ya upole na na watu anaowaamini, hupata silaha ya kulijibu neno hilo. Kwa Mwislamu ni wajibu kabisa, kwa kuwa nasaba haifichwi.

Wafanyakazi walioajiriwa nao wafahamu haki yao. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2021 yanampa mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto kwa nia ya kumwasili likizo ya mwezi mmoja yenye malipo kamili, mradi amjulishe mwajiri kwa maandishi siku 14 au zaidi kabla. Wengi katika maghala ya Changamwe na hoteli za Bamburi hawajawahi kuisikia haki hiyo.

Hatari ya njia ya mkato

Taratibu hizi ni ndefu, na urefu huo huwatia watu majaribuni. Mwanamke asiyejaliwa hupashwa habari kwamba yupo msichana mjamzito asiyemtaka mtoto, na kwamba kwa fedha kidogo mambo yatamalizwa kimya. Wengine huchukua kitoto kilichoachwa mlangoni na kukaa nacho, wakiamini wametenda wema.

Hapa sheria ni kali. Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu imeweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, kwa anayepatikana na hatia hiyo. Uchunguzi wa BBC uliorushwa mnamo Novemba 2020 ulionyesha jinsi watoto walivyokuwa wakiibwa na kuuzwa Nairobi. Anayelipa fedha ili apewe mtoto hajui kama mtoto huyo aliachwa au aliibwa, na yupo mama mahali fulani ambaye huenda bado anamtafuta.

Anayekuta mtoto ameachwa anapaswa kumfikisha kituo cha polisi ili tukio liandikwe katika kitabu cha matukio, au kwa chifu, au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Nambari ya simu ya 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo. Kuandikisha si kumtupa mtoto. Ndiko kuanza kwa rekodi itakayomwezesha kupata jamaa zake, na wasipopatikana, kupata familia mpya kihalali. Wazazi wasiposikika kwa miezi sita, mtoto anaweza kuchukuliwa kuwa ameachwa, na safari ya kumpatia nyumba ya kudumu ikaanza.

Wajibu si wa familia pekee

Wapo wanaosema kwamba kuingiza karatasi katika malezi ya jamaa kutazima ukarimu wa Pwani. Hofu hiyo ina msingi. Mama anayeuza viazi karai Mtongwe akiambiwa avuke feri mara tano, aonane na wakili, alipie hati za kiapo na kupoteza siku za biashara, ataona bora aendelee kama mamake alivyofanya. Mahakama ya watoto iko Tononoka kisiwani, na Mahakama Kuu iko kisiwani vile vile. Umbali huo ni mfupi kwenye ramani tu.

Kwa hivyo mabadiliko ya sheria hayatakuwa na maana iwapo huduma hazitaifuata familia ilipo. Afisa wa watoto akiketi siku maalumu katika afisi ya chifu Likoni, Kisauni na Changamwe, kazi nusu itakuwa imefanyika. Maimamu wanaoandikisha ndoa wanaweza kuwakumbusha waumini kuandika kafala na wasia. Makanisa yanayobariki watoto yanaweza kuuliza kama mtoto huyo ana cheti. Zahanati zinazotoa chanjo ndizo za kwanza kumwona mtoto aliyeletwa na asiyekuwa mamake, na zinaweza kumwelekeza mlezi mahali pa kwenda bila kumtisha.

Serikali nayo haiwezi kufunga makao ya watoto upande mmoja, kisha upande wa pili ikaacha afisi za watoto bila watu wala usafiri. Mtoto anayeondolewa katika makao na kupelekwa kwa familia isiyofuatiliwa atakuwa amehamishwa tu kutoka mahali anapoonekana hadi mahali asipoonekana.

Ukarimu wa Pwani haujapungua. Bibi wa Mtongwe bado anapika sufuria kubwa, na shangazi wa Mishomoroni bado anakopa ili alipe karo. Lakini bibi huyo anazeeka, na wajukuu wake watatu bado hawajamaliza shule ya msingi. Siku atakapofumba macho, watakaokuja kumzika watauliza swali lile lile la barazani. Jibu lake linafaa liwe tayari, limeandikwa, limetiwa saini na kuwekwa kwenye kasha pamoja na cheti cha shamba.